Jermaniumu inapima uraniumu: nani anapima mfanyakazi?

Mwezi wa kumi mwaka 2024, mzigo wa kwanza wa jermaniumu kutoka kiwanda kipya cha STL, kompani ya Gécamines, ulitoka Lubumbashi kwenda Ubelgiji, kwa wanunuzi wa Umicore. Habari ilitangazwa sana. Tangu wakati ule, sisi wa sindika tunaulizwa swali moja kila tunapokutana na wafanyakazi, kwenye basi la kazi, kwenye kilio, hata kwenye foleni ya hospitali: hiyo jermaniumu ni kitu gani, na inafanya kazi gani kule inakoenda? Watu wamepitisha maisha yao yote karibu na ule mlima mweusi, na hakuna aliyewaelezea kilichomo ndani.

Inafanya kazi nyingi. Iko ndani ya nyaya za vioo zinazobeba intaneti, iko mu vioo vya kamera zinazoona usiku, iko mu mabamba yanayolisha satelaiti umeme wa jua. Lakini leo tunataka kuzungumza juu ya kazi yake moja tu, isiyojulikana sana, sababu inatugusa sisi watu wa Katanga kuliko zingine zote. Kuna mashini ambayo jicho lake ni kipande cha jermaniumu. Jicho hilo halioni kitu mpaka lipozwe kwa baridi ambayo hakuna mahali pa dunia inapatikana yenyewe. Na kazi yake ni kusoma kilichomo ndani ya jiwe, ndani ya pipa, ao ndani ya fimbo ya uraniumu, bila kuvunja wala kufungua.

Tuanze na mlima wenyewe, juu watoto wetu wanauona kila siku na bomba lake refu la moshi, na upo hata kwenye kadi za posta, lakini historia yake inaanza kupotea. Tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba ya kwanza mwaka 1911, kwa mawe ya Étoile, pale wazee wanapoita Kalukuluku. Kisha, tangu miaka ya 1920, yakaja mawe ya Kipushi. Tanuru lilikuwa linatafuta shaba tu. Kilichobaki kilimwagwa pale kando kikiwa bado moto. Wazee wanakumbuka namna mbingu ya Lubumbashi ilikuwa inageuka nyekundu usiku wakati wa kumwaga. Ndani ya yale mabaki mulikwenda kobalti, mulikwenda zinki, na mulikwenda jermaniumu. Kwa wakubwa wa wakati ule hiyo ilikuwa takataka, ao akiba ya siku zingine.

Jermaniumu ile ilitoka zaidi Kipushi. Mawe ya Kipushi yanajulikana na wataalamu wa dunia nzima kwa ajili hiyo. Mwaka 1948 jiwe moja la pale lenye jermaniumu liliandikwa mu vitabu vya elimu kwa jina la renierite, kwa heshima ya Armand Renier, mtaalamu wa mawe wa Ubelgiji. Jiwe letu, jina la mzungu: tumezoea. Mu miaka ya 1950, wakati dunia ilianza kutengeneza redio ndogo za mfukoni, Kipushi ilikuwa kati ya machimbo makubwa ya jermaniumu duniani. Baba zetu walikuwa wanashuka shimoni kwa ajili ya shaba na zinki, ndivyo walivyoambiwa. Ile ya tatu hawakusikia jina lake.

Kusikia jina si jambo dogo. Kitu kisichotajwa mu kontra hakilipwi. Wakati mlima ulianza kutengenezwa tena, mwanzo wa miaka ya 2000, kobalti yake ilikuwa inapelekwa Finland, na swali la jermaniumu likazusha kelele mpaka likafika mu ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2002. Leo sheria iko wazi zaidi. Dekreti ya tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2018 iliweka kobalti, jermaniumu na koltani kati ya madini ya pekee, yale yanayoitwa stratejiki, na ushuru wake ni asilimia 10. Mu ule ushuru, nusu inaenda kwa serikali ya Kinshasa, asilimia 25 kwa provinsi, asilimia 15 kwa komini ao shefferi ya mahali madini yanatoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa hiyo kila mara labo inaandika kiasi cha jermaniumu kwenye karatasi, kuna shule na barabara ndani ya ile namba. Ikiandikwa kidogo, ao isipoandikwa, tunajua nani anapoteza.

Sasa turudi ku mashini.

Jermaniumu ni kitu cha katikati. Shaba inapitisha umeme bila shida, kioo kinakataa kabisa, na jermaniumu iko kati yao: inapitisha kidogo, kwa masharti. Vitu vya namna hiyo Wafaransa wanaviita semikondukta. Mu mwezi wa kumi na mbili 1947, wataalamu wa labo ya Bell kule Marekani walichukua kipande cha jermaniumu wakatengeneza tranzista ya kwanza, na ile njo mama wa simu zote na kompyuta zote. Lakini jermaniumu ilikuwa na ulemavu mmoja: joto. Ikipata joto inaanza kupitisha umeme ovyo ovyo, hata ule ambao haukuombwa. Redio iliyoachwa juani ilianza kuharibika sauti. Ndiyo maana mu miaka ya 1960 viwanda vilihamia ku silisiumu, ambayo inavumilia joto zaidi.

Inavumilia, lakini haikushinda. Hata leo adui mkubwa wa kompyuta ni joto. Chipu moja ya zile zinazoendesha akili bandia, kama H100 ya kompani Nvidia, inaweza kula wati 700, na karibu zote zinageuka kuwa joto mu kipande kidogo kuliko kiganja cha mkono. Ni kama kuweka mbabula ndani ya kiberiti. Kwa kuiondolea joto wanaibandika bamba la shaba, na mu mashini mpya wanapitisha maji ndani ya bamba lenyewe, mu njia nyembamba kama nywele. Juu ya nini shaba? Juu kati ya metali zote za kawaida ni feza peke yake inayobeba joto kupita shaba, na feza ni ya bei kali. Mama yeyote anayepikia sufuria ya shaba anajua namna moto unafika haraka. Basi hapo tena tupo.

Lakini ule ulemavu wa jermaniumu, wa kusikia joto haraka, una upande wake mwingine. Kitu kinachosumbuliwa na mguso mdogo kinaweza kutumika kwa kusikia mguso mdogo. Uraniumu na ndugu zake wanatoa miale isiyoonekana, inayoitwa gama. Mwale mmoja wa gama ukiingia ndani ya kipande cha jermaniumu, unasukuma umeme kidogo sana ndani yake. Ukiweza kupima ule umeme, unajua mwale ulikuja na nguvu gani. Na ukijua nguvu yake, unajua umetoka ku kitu gani, sababu kila kimoja kina nguvu yake isiyobadilika, kama vile kila mtu ana sauti yake. Uraniumu ile inayowaka mu vinu, ya namba 235, sauti yake iko ku 186. Sezi-137, ambayo inazaliwa wakati uraniumu imeungua, iko ku 662. Hazichanganyiki.

Shida ni ile ile ya joto. Hapa Lubumbashi, mu nyumba ya kawaida, kipande cha jermaniumu kina makelele mengi ndani yake kwa sababu ya joto tu, na sauti ya mwale mmoja inapotea. Kila mtu aliyefanya kazi chini anaelewa hili bila mwalimu. Kabla ya timu kuingia mahali palipolipuliwa, kuna mtu anayegonga paa la shimo kwa baramini na kusikiliza. Jiwe likilia vizuri ni zima, likilia kama debe tupu limelegea, linapashwa kuangushwa kwanza. Wakati ule mashini za kutoboa zinazimwa, na hakuna anayezungumza. Anayepiga domo anafukuzwa. Kupoza jermaniumu ni kuzima zile mashini ili msikilizaji asikie.

Wanaipoza mpaka digri 196 chini ya ziro. Wanatumia azoti, ile hewa tunayovuta kila siku, ikigeuzwa kuwa maji maji. Inakaa ndani ya chupa kubwa yenye kuta mbili na utupu katikati, ndugu wa termosi yetu ya chai. Kipande cha jermaniumu kiko juu, ndani ya kopo lililonyonywa hewa, na kati ya kopo na azoti kuna fimbo inayopeleka baridi. Fimbo ile Wafaransa wanaiita kidole cha baridi. Na kidole cha baridi, wandugu, kwa kawaida ni cha shaba.

Kazi ya kutengeneza kipande chenyewe ilichukua miaka. Zamani walikuwa wanatia litiumu ndani ya jermaniumu ili kufunika uchafu wake, na mashini ile ilikuwa inapashwa kukaa mu baridi usiku na mchana, hata wakati haitumiki, hata ndani ya kamyo: ikipata joto mara moja, imeharibika. Mu miaka ya 1970, Robert Hall wa kompani General Electric na watu wa labo ya Berkeley, wote wa Marekani, wakafikia jermaniumu safi kiasi kwamba kwa kila chembe bilioni elfu moja, yenye uchafu ni moja hivi. Tufikirie ile katodi nzuri kabisa ya shaba, ya asilimia 99.99, ambayo kapita anajisifu nayo: chembe moja ya uchafu mu elfu kumi. Tangu hapo jicho linaweza kuachwa lipate joto likiwa limezimwa, kisha likapozwa tena siku ya kazi. Na siku hizi kuna zenye frigo yao ndogo ya umeme, bila azoti. Mtu mmoja anaibeba kwa mkono.

Mashini hii inafanya nini ku fimbo za uraniumu? Kinu cha atomu hakichomi uraniumu kama makala ndani ya gunia. Uraniumu inashindiliwa kuwa vidonge, kila kimoja kama ncha ya kidole, na vidonge vinapangwa ndani ya bomba jembamba la zirkoniumu, urefu wa metre karibu ine. Ile njo fimbo. Mamia ya fimbo yanafungwa pamoja, na kinu kikubwa kina makumi ya maelfu. Mu uraniumu inayotoka ardhini, ile namba 235 ni asilimia 0.7 tu; mu fimbo nyingi wanaipandisha mpaka kati ya 3 na 5. Kidonge kimoja cha kipimo kingine kikiingia mu fimbo isiyo yake, pale patawaka kupita jirani zake. Ikiwa kuna nafasi tupu kati ya vidonge, ni shida vilevile. Na ukishaziba bomba, huwezi kuchungulia. Kwa hiyo fimbo inapitishwa polepole mbele ya mashini za kusikia gama, zinazosoma kidonge kwa kidonge. Maungio ya mwisho yanapigwa picha kama mfupa uliovunjika, na heliumu iliyojazwa ndani ya fimbo inasaidia kuona kama inavuja.

Kisha fimbo inakaa miaka ndani ya kinu, na ikitoka hakuna anayeweza kuisogelea. Hapo jermaniumu njo mwenye kazi. Fimbo iko nyuma ya ukuta mnene ao chini ya maji. Mu ukuta wa risasi kuna ufa mwembamba, na jicho linaangalia kupitia ule ufa peke yake. Fimbo inapanda milimetre kwa milimetre, na jicho linaandika: hapa sezi ni nyingi, pameungua sana, hapa kidogo, hapa vidonge vimepasuka na kuachana. Ikisha kwisha, unapata ramani ya fimbo nzima. Wakaguzi wa shirika la atomu la dunia, lile la Vienna, wanazunguka na mashini za namna hiyo kuhakikisha kwamba kilichoandikwa mu daftari ni kile kile kilichomo ndani ya bomba.

Na daftari la fimbo si mchezo, nchi yetu inajua. Kinu cha kwanza cha atomu cha Afrika nzima kiliwashwa Kinshasa, kwenye chuo kikuu cha Lovanium, mwezi wa sita 1959, wakati rekta alikuwa Monseigneur Luc Gillon, padri na mtaalamu wa fizikia. Kiliitwa TRICO. Mwaka 1972 kikaja cha pili, TRICO II, chenye nguvu ya megawati moja. Vyote viwili ni vya aina ya TRIGA, uvumbuzi wa Wamarekani ambao uzuri wake ni huu: fimbo zenyewe, zikipata joto kupita kiasi, zinapunguza moto bila mtu kugusa kitu. Fimbo za TRIGA ni fupi, sentimetre 72 hivi, na zinakaguliwa kwa kuinuliwa ndani ya maji ili kuona kama zimepinda ao zimerefuka. Unapozihesabu, zinapashwa kuenea. Za Kinshasa hazikuenea. Fimbo mbili ziliibwa mu miaka ya 1970, na moja ikaonekana Italia mwaka 1998, mikononi mwa watu wa mafia. Ya pili haijaonekana.

Sasa tuseme juu ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, juu bila yenyewe hatungekuwa na sababu ya kuandika. Uraniumu yake ilionekana mwaka 1915, kazi ikaanza 1921, na siku zile walichokuwa wanatafuta ni radiumu. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka tani kama 1,200 za mawe ya Shinkolobwe New York na kuyaficha mu depo. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Mabomu yaliyotengenezwa na ile kazi dunia nzima inayajua, na tarehe 6 mwezi wa munane 1945 ya Hiroshima pia. Mawe mengine yalikuwa na uraniumu asilimia 65, kiasi kikubwa sana. Jiwe lilipimwa vizuri sana. Wazee wetu waliolichambua kwa mikono hawakuambiwa ni jiwe gani.

Mawe yale ya kwanza yalikuwa yanapelekwa kusafishwa Olen, mji mdogo wa Ubelgiji, tangu 1922. Na jermaniumu inasafishwa wapi leo? Olen. Umicore, ambayo inanunua ile ya mlima wetu, njo Union Minière yenyewe, ilibadilisha jina mwaka 2001. Mu Olen hiyo hiyo kuna kiwanda kinachotengeneza macho ya jermaniumu kwa kupima mionzi, kilichokuwa kinaitwa Canberra, siku hizi ni cha kompani Mirion. Hatusemi kwamba kila mashini ina jermaniumu ya Lubumbashi, hatuwezi kujua hilo. Lakini uraniumu, jermaniumu na shaba, vitatu vilivyokutana ndani ya mashini moja, vyote vitatu vilipita njia hiyo hiyo kutoka hapa kwetu. Mashini yenyewe ikirudi, inarudi kwa bei ya mzungu.

Na inarudi kwa kupima nini? Mwezi wa kumi na moja 2018, kompani KCC ya Kolwezi ilitangaza kwamba inasimamisha kuuza kobalti yake, sababu ndani yake mulionekana uraniumu kupita kiasi kinachoruhusiwa kupita ku bandari kubwa za Afrika. Ilikuwa uraniumu kidogo, hata wenyewe walisema si hatari kwa afya. Lakini ilipimwa, namba ikaonekana, mzigo ukasimama, na mipango ya kiwanda cha kuondoa ile uraniumu ikaanza. Hatulaumu, vile njo inapashwa kuwa. Tunauliza tu kwa kinywa cha kwetu: bulongo banapima, muntu je? Kabla mzigo haujafika ku bandari ulipita ku mikono ya aliyetoboa, aliyebeba, aliyesaga, aliyekausha na aliyefunga mifuko. Ile namba ya bandari ina maana kwao vilevile.

Hatutaki kutisha watu. Si kila jiwe la Katanga lina uraniumu, na uraniumu iliyo ndani ya jiwe, ukipita karibu nayo, haikuui. Hatari iko zaidi mu vumbi unalovuta na mu gesi ya radoni, inayotoka ku uraniumu na kukaa mu mashimo yasiyopitisha hewa. Haina harufu, haina rangi. Inaenda mu mapafu, pale pale vumbi la mawe ya kawaida linapoenda, na mwisho wake unaweza kuwa kansa miaka makumi mbili nyuma, wakati mtu amekwisha kupumzishwa na kompani haimjui tena. Rangi ya jiwe haisaidii sana. Kuna mawe ya uraniumu ya manjano na ya kijani, lakini malakiti yetu pia ni ya kijani na haina neno. Ndiyo maana macho ya mtu hayatoshi.

Mwaka 2004 bakrezeri walikuwa maelfu Shinkolobwe, na jamaa zao, wakitafuta kobalti mu mashimo ya zamani. Dekreti ya kufunga ilitoka mwezi wa kwanza mwaka ule, lakini kazi iliendelea. Mwezi wa saba sehemu ya shimo ikaanguka, watu munane wakafa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja kupima, na walichokuta ni kwamba hatari ya haraka ilikuwa mashimo kuanguka, na mionzi ilikuwa hatari ya pole pole. Waliokufa kwa shimo walihesabiwa. Wa pole pole hakuna anayewahesabu, na kati yao kuna bamama waliokuwa wanasafisha mawe na watoto mgongoni.

Nchi ina sheria. Ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inahusu kinga ya watu juu ya mionzi, na kuna komite ya taifa, CNPRI, kwa kazi hiyo. Kiasi kinachokubaliwa dunia nzima kwa mfanyakazi ni milisiverti 20 kwa mwaka, ukichukua wastani wa miaka mitano, na kwa mtu wa kawaida ni moja tu. Lakini ishirini ya nani, kama hakuna kipimo? Dosimetri ni kitu kidogo, unakibandika kifuani, hakina umeme wala kelele, na mwisho wa mwezi ao wa miezi mitatu kinasomwa. Mu kompani kadhaa tulizopitia, wageni wa labo wanavaa, mhandisi anavaa, na anayesukuma bulongo havai. Tulipouliza kompani moja, walitujibu kwamba eneo lote limekwisha kupimwa na ni salama. Tukaomba karatasi ya kile kipimo. Tunangoja bado.

Tunachoomba si mashini ya jermaniumu kwa kila mtu, tunajua bei yake. Ile ikae ku labo, ipime mawe ya kila mahali papya kabla timu haijaingia, na namba zibandikwe ukutani pamoja na zile za shaba na kobalti, kwa Kiswahili na Kifaransa. Mu mashimo, radoni ipimwe na hewa iongezwe pale inapohitajika. Dosimetri wapewe wanaoshika madini, hata wale wa kompani ndogo za kukodi, ambao kila mara wanasahauliwa. Na daftari la namba zake mfanyakazi abaki nalo yeye mwenyewe, aende nalo siku ya kuacha kazi, sababu ugonjwa hauji wakati wa kontra.

Nyumbani, bamama, kuna yale tunayoweza kufanya bila kungoja mtu. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, si pamoja na za watoto, na zisikung'utwe ndani ya nyumba. Vumbi liloweshwe kabla ya kufagia. Mawe mazuri ya rangi, yale baba analeta kwa kupamba meza, yarudi kule yalikotoka. Mkono unaoshwa kabla ya kushika bukari, hata kama maji ni ya bidoni na ni ya bei.

Maombi haya tutayapeleka kwa maandishi ku komite za usalama na usafi wa kazi. Kwa hiyo delege wa kila posti aje na orodha ya watu wa timu yake: nani yuko chini, nani ku konkasere, nani ku kukausha na kufunga mifuko, na tangu mwaka gani. Majina ya wa kukodi yasiachwe.